Muulize Dada Sindano: zawadi za kufuma kwa watu wa nyumbani

Haya wapenzi wa sindano, barua za safari hii karibu zote zinaongelea kitu kimoja, kufumia watu wa nyumbani, baba, mama mkwe, wifi, mjukuu ambaye hata hajazaliwa. Nyingi mmeziandika mambo yakiwa yameshaharibika kwaiyo mtanivumilia nikiwa mkali kidogo. Nimezifupisha na majina nimeyatoa.

Shikamoo dada. Nimemfumia baba sweta kimyakimya, nilitaka nimshtukize siku yake ya kuzaliwa. Nimefuata maelekezo mstari kwa mstari, mishono 224 kuzunguka kifua kama walivyoandika, sindano saizi ileile, afu alipolivaa likambana mpaka mikono haishuki vizuri. Baba anasema limempendeza ila najua ananidanganya. Kifua chake ni sentimita 104. Nimekosea wapi? – Binti wa Mwisho

Marahaba mwanangu. Kuhesabu umehesabu vizuri tu, shida ni kwamba umefuma kwa hesabu ya mkono wa mtu mwingine. Aliyeandika hayo maelekezo anapata mishono 20 kwenye kila sentimita 10, yaani miwili kwa kila sentimita, kwaiyo 224 yake inamletea sentimita 112, hapo ni kifua cha baba yako pamoja na nafasi ya kupumua sentimita 8, safi kabisa. We mkono wako inaonekana unakaza. Kama unapata mishono 22 badala ya 20, na hiyo tofauti huioni kwa macho hata ukodoe vipi, basi hiyohiyo 224 inakuwa sentimita 101 na ushee. Na baba ana 104! Sweta limekuwa dogo kuliko mwenyewe kabla hata hajaliingiza kichwani.

Ndo maana kila siku napiga kelele kuhusu kipande cha majaribio na kila siku mnakiruka. Chukua uzi uleule na sindano zilezile, fuma kipande cha sentimita kama 15 kwa 15, kisha KIFUE, kwa namna ileile sweta litakavyofuliwa, kikauke, ndo upime sentimita 10 za katikati. Pembeni usipime maana kingo huwa zinavutika zinadanganya. Ukiona mishono imezidi panda sindano nene zaidi, ikipungua shuka kwenye nyembamba, na wakati mwingine hata nusu milimita inatosha kukurudisha kwenye mstari. Na usipime kikiwa kimelowa, kuna nyuzi zikiguswa na maji zinalegea zinaongezeka urefu, zingine zinajikusanya, hujui mpaka ufue.

Sasa la pili, ulijuaje kifua cha baba ni 104 kama ilikuwa siri? Nahisi ulimpima kwa ujanja akiwa amevaa mashati mawili. Njia ya siri inayofanya kazi ni kuiba sweta lake analolipenda, lile analolivaa mpaka mnalichoka kulitazama, ulilaze mezani bila kulivuta, upime kutoka kwapa mpaka kwapa. Ukipata 56 basi zidisha mara mbili, 112, na hapo umepata kitu bora kuliko kipimo cha kifua maana umepata vile yeye anavyopenda nguo imkae. Kuna wazee wanataka nguo iwapwaye na kuna wengine wanataka iwashike, na huwezi kuwauliza bila kuharibu siri. Ukiwa nalo hapohapo pima na urefu wa mkono kutoka kwapani mpaka kwenye kiganja, na urefu wa mwili kutoka kwapa kwenda chini, dakika tano umemaliza umerudisha kabatini.

Kwa yeyote anayetaka kuacha kutegemea maelekezo ya watu, kuna mama mmoja mfumaji, Elizabeth Zimmermann, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi na kufundisha Marekani, aliacha hesabu rahisi ambayo wafumaji wanaitumia mpaka leo. Idadi ya mishono ya kifua unaiita mia kwa mia, vingine vyote vinatoka humo: mkono pale kwenye kiganja unaanza na asilimia 20, mkono juu karibu na kwapa unafika kama 33, shingo inabaki 40. Kwa 224 ya baba maana yake kiganjani unaanza na mishono kama 44, juu unaishia 74 hivi, na shingoni inabaki 90. Si sheria ya mahakamani, mtu mwenye mikono minene unamuongezea, ila inakutoa gizani.

Na hilo lililobana usilifumue kwanza. Kama ulilifuma vipande ukaunganisha ubavuni, fungua maungio ya ubavu pande zote mbili pamoja na ya chini ya mkono, fuma kanda mbili za sentimita 5, uzipachike kuanzia kiunoni kwenda kwapani na kushuka na mkono, ukizipunguza upana kadiri unavyokaribia kiganja. Kifua kinarudi kwenye 112 hivi. Weka rangi tofauti makusudi ionekane ulipanga. Kama ulifuma kwa mzunguko bila maungio basi pole, hilo linamfaa ndugu yako mwembamba, na baba anaanziwa jipya.

Dada, natarajia kuwa bibi kwa mara ya kwanza na nimechanganyikiwa kwa furaha. Nimeshanunua uzi mweupe laini wenye manyoya marefu unaoteleza vizuri mkononi. Nataka nifume kofia yenye bonge la manyoya juu, viatu vya riboni, glovu ndogo, na blanketi lenye vitobo vitobo la kulalia. Nianze na kipi? – Bibi Mtarajiwa

Hongera sana mama! Anza kwa kuuweka huo uzi wa manyoya kabatini. Najua inauma. Manyoya marefu yanachomoka na mtoto mchanga kila kitu kinaishia mdomoni, afu hakuna nguo inayofuliwa mara nyingi duniani kama ya mtoto, anacheua, anachafua, na mama yake hana muda wa kufua kitu kwa vidole viwili kama yai. Nunua pamba laini, au akriliki nzuri (ule uzi wa kiwandani wa jamii ya plastiki), au sufu ile iliyotibiwa ambayo lebo imeandika inaweza kuingia kwenye mashine ya kufulia. Mzazi aliyechoka asilazimike kuichukia zawadi yako.

Saizi sasa. Kila bibi mtarajiwa anafuma kwa saizi ya mtoto aliyezaliwa leo, na mtoto huyo anapewa nguo hizohizo na watu kumi. Kichwa cha mtoto anapozaliwa ni kama sentimita 35, akifika mwaka kiko kwenye 46 hivi, kwaiyo kofia yako ya siku ya kwanza anaivaa wiki chache basi. Fuma ya miezi sita au zaidi, na kabla hujaanza hesabu hiyo miezi sita itaangukia majira gani, maana sweta zito la miezi sita likiangukia kipindi cha joto kali halivaliwi hata mara moja.

Kofia, toa hilo bonge la juu. Mtoto analivuta, linafumuka, linaenda mdomoni. Na mwambie mkweo kabisa kwamba kofia ni ya kutokea nje, mtoto asilale nayo ndani, kwasababu wachanga wanapoza mwili kwa kichwani na wakipata joto kupita kiasi usingizini ni hatari. Vilevile blanketi: madaktari wa watoto wanashauri mtoto aliye chini ya mwaka asilale na blanketi lililolegea wala mito kitandani mwake. Haimaanishi usifume, fuma, ila liwe la kumfunika akiwa amebebwa au la kumlaza juu yake sakafuni akiwa macho na mtu yupo anamwangalia. Vile vitobo viwe vidogo kiasi kwamba kidole cha mtoto hakipiti. Riboni ya viatu badilisha, weka ufumaji wa kuvutika kwenye kifundo, viatu vitashika vyenyewe.

Glovu ndo nataka uzisome mara mbili. Zigeuze ndani nje. Uzi wowote unaoning'inia humo ndani, au nyuzi zinazopita nyuma ya maua ya rangi mbili, unaweza kumzunguka mtoto kidole ukakaza mpaka damu isipite, na we unasikia analia tu hujui analilia nini. Kwa mchanga glovu ziwe za rangi moja, ndani laini kabisa, mikia ya uzi imefichwa na kukatwa. Soksi na viatu angalia vivyohivyo kwa ajili ya vidole vya mguu.

Swali lako lilikuwa uanze na kipi. Sweta dogo la kufungua mbele, lenye vifungo vilivyoshonwa kwa uzi imara na kuvutwa kwa nguvu kujaribiwa. La kuvalia kichwani watoto wanalia nalo.

Mambo dada. Wifi yangu nilimfumia sweta la sufu tupu, kazi ya miezi. Kalitumbukiza kwenye mashine ya kufulia na mataulo, maji ya moto. Limetoka linamtosha mwanae wa miaka mitano, gumu kama zulia. Anasema eti nilitumia uzi mbaya. Linaweza kurudi? – Mwenye Hasira

Poa mdogo wangu, kunywa maji kwanza. Halirudi.

Unywele wa sufu ukiuangalia kwa darubini una magamba. Maji ya moto na sabuni yanayafungua, msukosuko wa mashine unazisugua nywele zinasogea zinapandiana, magamba yanashikana na hayaachani tena. Mfumo wa mishono unapotea, ukilikata kwa mkasi wala halifumuki. Huo ndo ubora wa sufu wenyewe, kuna watu wanafanya hivyo makusudi kutengeneza mabegi na malapa ya ndani. Kwaiyo uzi haukuwa mbaya, ulikuwa sufu halisi mno.

Ungekuta mishono bado inaonekana mojamoja na kitambaa kinavutika, ningekwambia uliloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye kondishena ya nywele nusu saa, ulilaze ulivute taratibu na kulibana kwa pini, ungepata sentimita mbili tatu. Lako limeshakuwa kitambaa kingine. Kata mto, kata cha kuwekea sufuria, au mwachie huyo wa miaka mitano kama linamkaa.

Kuhusu wifi, nakuuliza kitu, ulimwambia? Mtu asiyefuma anaona sweta ni sweta, linaingia na mengine. Sufu isiyotibiwa unaloweka kwenye maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo bila kusugua, dakika 15 inatosha, unalikamua kwa kulibingirisha kwenye taulo na kulikandamiza bila kulisokota, unalilaza bapa mpaka likauke, ukilianika kwenye kamba uzito wa maji unalivuta linakuwa gauni. Sasa mtu ana kazi, ana watoto, na hajawahi kufua kitu hivyo maishani, unamkabidhi huo mzigo ukiwa umefungwa kwa karatasi ya maua. Wifi wa hivyo mfumie akriliki. Mpende hivyohivyo.

Dada eti ni kweli ukimfumia mchumba sweta mnaachana? Nimebakiza mkono mmoja. – Roho Juu

Huo uvumi wafumaji wa kule Marekani na Uingereza wanao siku nyingi, wanauita laana ya sweta. Mi naona sweta la mtu mzima ni mita kama 1,200 mpaka 1,600 za uzi na miezi ya jioni zako, katika muda huo uchumba wowote uliokuwa unalegea una nafasi ya kutosha kuvunjika wenyewe, afu lawama anabebeshwa uzi. Malizia mkono. Kama hamjafika hata miezi sita lakini, ungeanza na kofia.

Shikamoo. Mama yangu ana kisukari na miguu inavimba jioni, siku zote analalamika baridi ya miguu. Nataka nimfumie soksi. Pia mabega yanamsumbua. Nitumie uzi gani? – Kifungua Mimba

Marahaba. Hili nalijibu taratibu maana ni mama.

Soksi za kawaida tunazifuma ziwe ndogo kuliko mguu kwa asilimia kama 10 ili zishike zisitelezee kwenye kiatu. Kwa mguu unaovimba hiyo kanuni iache. Mpime jioni, wakati miguu imevimba, sio asubuhi, na soksi iwe sawa na kipimo hicho. Juu kwenye shingo ya soksi ndo penye hatari, pakikaza panazuia damu na panaacha alama, kwaiyo anzisha mishono kwa sindano nene kuliko utakayofumia, na ukishamaliza ivae mwenyewe saa nzima uone kama imekuchora. Ikikuchora we, yeye itamuumiza.

Mwenye kisukari mara nyingi miguu inapoteza hisia, anaweza kukanyaga fundo la uzi siku nzima asijue mpaka pawe kidonda. Basi ndani pasiwe na fundo hata moja. Ukifika kuunganisha uzi mpya usifunge, fuma nyuzi mbili pamoja kwa mishono michache, na fanya hivyo juu ya kifundo tu, kamwe sio chini ya unyayo. Vidoleni usishone kwa kukunja kukaacha ule mstari mgumu, tumia ule mshono wa kupitisha sindano ya kushonea kati ya mishono ya juu na ya chini mpaka unashindwa kuona ilipounganika. Wafumaji wengi wanauita mshono wa Kitchener, jina la yule jenerali wa Uingereza wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Ni mgumu kuushika, fanya sehemu isiyo na kelele, ukipoteza hesabu katikati unarudia.

Uzi tafuta wa soksi wenye sufu laini kama asilimia 75 na naironi 25, naironi ndo inazuia kisigino kutoboka, na gramu 100 zenye mita 400 hivi zinatosha jozi moja ya mtu mzima. Rangi ya unyayo iwe nyeupe au nyepesi, kukiwa na kidonda kinatoa damu au majimaji doa linaonekana mapema. Na sakafu ikiwa inateleza mshonee chini vile vitone vya mpira au asizivae bila kiatu, mzee kuanguka ni habari nyingine kabisa. Daktari wake pia aulizwe, kuna wagonjwa wanatakiwa soksi maalum na zako zitakaa za kulalia.

Mabega: usimfumie kitu cha kuvalia kichwani. Kizibao cha kufungua mbele, mashimo ya mikono mapana, vifungo vikubwa ambavyo vidole vyenye maumivu vinaweza kuvishika.

Dada Sindano, mama mkwe nilimfumia skafu nzuri sana, nimemkuta paka kalalia. Nimeumia. – Mkwe Mwema

Pole mwaya. Kabla hujamnunia, iweke hiyo skafu shingoni kwako saa moja bila kitu katikati. Sufu yenye nywele nene, zile zinazofika maikroni 30 kwenda juu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ncha zake hazipindi zikigusa ngozi, zinachoma, na shingo ndo sehemu inayosikia haraka kuliko mkono uliokuwa unafumia. Inawezekana mama wa watu kajaribu akashindwa kukwambia. Safari nyingine nunua bonge moja tu, libane kwenye kola yako ushinde nalo, ukijikuna mara mbili usinunue mengine.

Kama haichomi, basi paka kapata skafu, umfumie mama mkwe kitu kingine kwa rangi ambazo umeshamwona anazivaa.

Habari. Mimi ni mwanaume, nimejifunza kufuma mwaka huu, naanza na skafu ya mama. Inajikunja pembeni zote mpaka imekuwa bomba. Pili, kaka zangu wananicheka. – Kaka wa Sindano

Nzuri kaka, karibu. Skafu yako umefuma mstari mmoja mshono wa mbele na unaofuata mshono wa nyuma, ukabadilishana hivyo mpaka mwisho, sura moja laini kama vijani na nyuma ina vinundu, sivyo? Huo ufumaji unajikunja kwa asili yake na hakuna pasi itakayoutuliza. Upande wa mbele kitanzi kinataka kujikunja kurudi nyuma, wa nyuma unataka kuja mbele, ukiweka yote ya aina moja upande mmoja nguvu zinavuta kuelekea huko. Fuma kila mstari kwa mshono wa mbele tu, inakaa bapa, pande zote zinafanana na skafu inakuwa nene kidogo ya joto. Ukipenda hiyo sura laini basi weka mishono minne mitano ya namna hii pembeni kushoto na kulia, na mistari kama sita mwanzo na mwisho, itapunguza kujikunja ila haitaisha kabisa. Fumua tu, uzi ukishakuwa na mikunjo uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitita, ufunge sehemu mbili tatu, uoshe, uning'inize ukauke, utanyooka.

Hao kaka zako waambie kuna kisiwa kinaitwa Taquile, ndani ya Ziwa Titicaca kule Peru, ambako wanaume ndo wafumaji wa kofia, wavulana wanafundishwa tangu wadogo, na ufumaji wao UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Na mashine ya kwanza ya kufuma soksi aliibuni mwanaume Mwingereza, William Lee, mwaka 1589. Au usiwaambie kitu, wafumie wote kofia halafu tuone nani anaikataa.

Dada, sisi ukoo mkubwa. Nataka kila mtu apate kitu nilichofuma, watu 19, mwisho wa mwaka. Nina sanduku la nyuzi nilizorithi hazina lebo. Inawezekana? – Mama Huruma

Masweta 19 haiwezekani, usijidanganye. Kofia inawezekana, gramu 100 za uzi wa unene wa kati zinatosha kofia ya mtu mzima na mara nyingi zinabaki, na uzuri wa kofia haidai vipimo vingi, vichwa vya watu wazima vingi viko kati ya sentimita 54 na 58 na kofia unaifuma pungufu ya hapo sentimita mbili mpaka tano ili ishike. Ukitaka blanketi au midoli nenda kwenye kroshia, ule ufumaji wa sindano moja yenye ndoano, inaenda haraka na ukikosea una kitanzi kimoja tu cha kukimbizana nacho, ila inakula uzi zaidi kuliko sindano mbili. Midoli ya chini ya miaka mitatu macho yashonwe kwa uzi, usiweke yale ya plastiki.

Ila mi nauliza, wote 19 wamekuomba? Ukoo wowote una watu watatu wanne ambao wakipewa kitu cha mkono wanakivaa mpaka kinatoboka, unawajua kwa majina hata sa hivi unavyosoma. Wafumie hao vitu vizito, waliobaki nunua zawadi dukani bila kujisikia vibaya. Tatizo linakuja pale ndugu wawili wa tumbo moja mmoja kapata sweta na mwingine kapata kikombe, hapo inabidi utumie akili, wape wote kofia au usimpe yeyote mbele ya mwenzake.

Nyuzi zisizo na lebo zichome. Kata kipande cha kidole, kishike kwa koleo juu ya sinki lenye maji, washa. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inazimika yenyewe na majivu yanasagika. Pamba inanuka karatasi. Akriliki inayeyuka inabaki kidonge kigumu cheusi, usikiguse kikiwa cha moto. Ukishajua pakia kila aina pembeni, usichanganye sufu na akriliki kwenye nguo moja kwasababu zitafuliwa pamoja na moja itasinyaa mwenzie abaki. Utakaponunua za kuongezea angalia namba ya rangi na ile namba ya mkupuo wa rangi kwenye lebo, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja kwa mara moja, mikupuo miwili ya bluu ileile ukiipanga jua likiwaka utaona mstari. Ikibidi utumie mikupuo tofauti, fuma mistari miwili ya huu na miwili ya ule ukibadilishana, jicho halitaona.

Na mikono yako. Kila nusu saa weka chini, nyoosha vidole, zungusha viganja. Kiganja kikianza kufa ganzi usiku acha kabisa uende hospitali, zawadi zitasubiri.

Swali fupi tu: ukimaliza, unafungashaje? – Mpenda Ubao

Zifue kwanza, zikauke zikiwa zimenyooshwa, mikia ya uzi uliyoacha ya sentimita 15 uipitishe nyuma ya mishono kwenda na kurudi ndo ukate. Ndani ya mfuko weka mita chache za uzi uleule zimeviringishwa kwenye kadi, siku ya kutoboka ataziba, weka na kifungo kimoja cha akiba. Kwenye hiyo kadi andika uzi ni wa nini, unafuliwa kwa maji gani, unaanikwa vipi, kwa maneno ambayo mtu asiyewahi kushika sindano ataelewa. Kama ni akriliki andika kwa herufi kubwa PASI HAPANA, maana ikiguswa na pasi ya moto inalegea inabaki kama kitambaa kilichokufa na hairudi tena.